Panya wa SUA anapewa ndizi, mtu wa kompyuta anapewa barua

Nimekuwa kimya kwa sababu ya majaribio na foleni za fotokopi, mnazijua wenyewe. Leo nimeamua kutoa la moyoni na litakuwa refu kidogo, kwa hiyo mwenye chai aisogeze karibu.

Kuna kauli moja imenichosha. Kila mfumo wa kompyuta unapogoma hapa nchini, iwe wa kulipia, wa kujisajili au wa kuangalia matokeo, lazima atokee mtu pale kantini aseme: "Tatizo letu hatuna vipanga." Eti tukipata vijana wenye vichwa vikali, kompyuta zenye nguvu na lugha mpya ya programu, kila kitu kitanyooka. Mimi nakataa. Programu mbovu haiandikwi na mbumbumbu peke yake, kipanga naye anaiandika vizuri tu. Na inabaki mbovu kwa sababu ya vitu viwili ambavyo havimo ndani ya mashine: kiburi cha aliyeiandika na woga wa aliyeona kosa. Vyote viwili vinapandwa darasani, na wapandaji ni sisi walimu. Ndiyo maana nawaandikia hasa wenzangu wa Ualimu.

Tuanze na lugha. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendeka, nasi tumeigeuza kichaka cha kujifichia. Kikombe kimevunjika. Nyaraka zimechanganyika. Mtandao umekatika. Umemsikia mtenda hapo? Hayupo! Kikombe kimejivunja chenyewe. Halafu hasara ikiwa kubwa mno kichaka hakitoshi tena, tunarukia upande wa pili: NANI KAFANYA? Asimamishwe, atumbuliwe! Kati ya "imeharibika" na "nani kaharibu" kuna swali la tatu ambalo karibu hatuliulizi: IMETOKEAJE? Wadau, uimara wa programu yoyote unaishi ndani ya hilo swali la tatu.

Sasa kiburi. Kuna mchezo ambao mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, aliuchapisha mwaka 1960. Ujaribuni hosteli leo usiku. Mwambie mwenzako hivi: namba 2, 4, 6 zinafuata kanuni niliyonayo kichwani. Nitajie namba nyingine tatu tatu, nitakwambia kama zinafuata au hazifuati, na ukiwa na uhakika itaje kanuni yenyewe. Mwenzako atasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Atatoa kifua mbele: zinaongezeka kwa mbili! Hapana. Kanuni ni kwamba kila namba iwe kubwa kuliko iliyotangulia, basi. Hata 1, 7, 500 ingekubaliwa. Kwenye jaribio la Wason watu 6 tu kati ya 29 waliipata kanuni bila kutaja kwanza kanuni isiyo sahihi, na walikuwa wanafunzi wa chuo kama sisi. Kilichowaangusha siyo hesabu. Walitafuta mifano ya kuwaambia "uko sahihi", hawakutafuta ule mmoja wa kuwaambia "umekosea".

Mwandika programu anafanya hivyo hivyo. Anamaliza kazi saa tisa usiku, anaijaribu kwa jina la Juma na jina la Asha, inakubali, anafunga kompyuta akalale. Hakujaribu jina lenye Ng'. Sasa nchi hii ina majina mangapi yenye Ng'? Nenda Usukumani ukahesabu! Kile kialama cha juu, kwenye SQL ambayo ni lugha ya kuulizia hifadhidata, ndicho kinachofunga maneno. Mwandishi asipochukua tahadhari, mashine inadhani jina limeishia kwenye "Ng" na yanayofuata ni amri, basi inachanganyikiwa. Tulikuwa na mwenzetu mwenye jina la namna hiyo. Mfumo mmoja wa usajili, siutaji, ulimkataa mara tatu, na ofisini akaambiwa aende akaandike jina lake "vizuri". Yaani kosa la programu likahamia kwa babu yake aliyempa jina. Kha!

Au chukua saa. Mtu akiandika 2:00 kwenye fomu, ni saa mbili asubuhi au ni saa nane usiku? Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, mashine inahesabu kuanzia katikati ya usiku, na kila upande unaona wa kwake ndiyo wa kawaida kiasi kwamba hauoni haja ya kuuliza. Msicheke, hata NASA yamewakuta. Mwaka 1999 chombo chao Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mars kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na upande mwingine ukazipokea kama za metriki. Mtu wa kurusha chombo mpaka Mars anazijua hesabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali linaloonekana la kijinga.

Mfano wa karibu zaidi ni jirani zetu Kenya. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya awali yanaonyeshwa kwenye runinga, na kura zilizokataliwa zinapanda mpaka kupita laki tatu. Nchi nzima ikaanza kubishana: hizo kura ziingizwe kwenye jumla au zisiingizwe? Baadaye tume, IEBC, ikaeleza kwamba programu ilikuwa inazizidisha kura zilizokataliwa kwa 8. Kwa nane! Hesabu ya mwisho ikawa 108,975. Sasa kumbukeni kwamba mshindi, Uhuru Kenyatta, alitangazwa kwa asilimia 50.07, wakati katiba inataka zaidi ya nusu. Yaani kila kura iliyoongezwa au kupunguzwa kwenye jumla ilikuwa na uzito wa nchi nzima, na suala la kura zilizokataliwa lilifika mpaka Mahakama ya Juu, iliyoamua mwezi huo huo kwamba zisihesabiwe. Jiulize swali dogo tu: kabla ya siku ile, je, kuna mtu aliyepewa kazi ya kuketi na kuuliza "hii namba inaweza kuwa ya uongo kwa njia zipi"? Kuuliza "inafanya kazi?" ni swali jingine kabisa, na kwa kawaida ndilo linaloulizwa peke yake.

Kiburi kina sura nyingine, nayo ni staili ya uandishi. Mnawajua wale wanaoandika msimbo (au kodi kama mnavyoiita, siyo ile ya TRA) kwa ajili ya kutisha. Majina ya vitu humo ndani ni x, x2, a1, na kipande kimoja kina mistari mia nne bila pumzi. Ukiuliza, unaambiwa "utaelewa ukikua". Hapana kaka, sitaelewa, na wewe mwenyewe miezi sita ijayo hutaelewa! Mwaka 1956 George Miller aliandika makala maarufu kwamba kumbukumbu yetu ya papo kwa papo inashika vitu karibu saba, ongeza au punguza viwili. Kipanga naye ni binadamu, kumbukumbu yake ni hiyo hiyo. Msimbo unaokutaka ushike vitu thelathini kichwani kwa mpigo unazaa makosa hata ungeandikwa na nani. Kukata kazi vipande vidogo na kuvipa majina yanayosema kweli ni kumheshimu binadamu atakayesoma. Anayeandika kwa mafumbo ili asiweze kuondolewa kazini ni sawa na mganga anayekufa na dawa zake. Kijiji kinamlilia siku tatu, halafu kinaendelea kuumwa.

Sasa woga, na hapa ndipo penye hasira yangu kubwa. Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulisumbua kwa siku kadhaa. Watu na hela zao mkononi, giza ndani. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, akaagiza meneja wa TEHAMA wa TANESCO na wasaidizi wake wawili wasimamishwe kazi. Mitaani tukapiga makofi. Mimi sijui kama walistahili au hawakustahili, na siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kijana wa TEHAMA katika ofisi nyingine yoyote ya nchi hii ambaye wiki ile alikuwa ameuona ufa kwenye mfumo wake. Amesikia taarifa ya habari. Kesho yake atamwambia bosi, au atanyamaza aombe Mungu ufa usubiri mpaka ahamishwe? Jibu mnalo. Kwa kuwasimamisha watu watatu hadharani tumefundisha ofisi mia moja kunyamaza.

Na hili siyo jambo jipya kwetu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mfumo wa kutunza hesabu za serikali ukaenda vibaya, wakarudi kwenye makaratasi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku! Mashine ndiyo iliyobeba lawama. Swali la "imetokeaje" likabaki mlangoni limeshika kofia. Vizazi vya watu ambao wangejifunza kutokana na kosa lile wakakosa hata cha kukosea.

Kuna upande wa tatu wa woga: taasisi inayoogopa kukiri kwamba mashine yake inaweza kudanganya. Huko Uingereza Posta ilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia mwaka 1999. Mfumo ukaonyesha upungufu wa fedha kwenye matawi, na waendesha matawi wakaambiwa wameiba. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa jela, wengine wakafilisika. Ilichukua hadi 2024 kutungwa sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia hii ni tabia ya Waafrika. Ni tabia ya binadamu mwenye cheo.

Inueni macho mtazame Uluguru. Miaka ya 1950 Waingereza walileta mpango wa kutunza ardhi ya milima hii, na wananchi wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kwenye ramani ilipendeza. Waluguru, watu wanaoijua miteremko ile kwa miguu yao, wakalalamika: kazi ni kubwa mno, na kuchimba kule kunaleta juu udongo usio na rutuba. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, na mpango ukaachwa. Huo haukuwa msimbo wa kompyuta, lakini ugonjwa ni ule ule: mtaalamu aliyeandika kanuni, asiyetaka kuambiwa na mtumiaji kwamba kanuni haifanyi kazi shambani. Leo bwana mtaalamu ana kompyuta mpakato na koti, na anayejaza fomu kule Kinole bado anaambiwa "umebonyeza vibaya".

Gerald Weinberg aliliona hili zamani. Mwaka 1971 alitoa kitabu kizima juu ya saikolojia ya uandishi wa programu, na humo akahimiza uandishi usio na nafsi ndani yake: kazi siyo wewe, kwa hiyo mwenzako akionyesha kosa kwenye kazi yako hajakutukana. Mwaka uliofuata Edsger Dijkstra alipopokea tuzo ya Turing alizungumzia unyenyekevu: fundi mzuri anajua fuvu lake ni dogo. Hao ni wakubwa wa fani yenyewe, na dawa waliyoitaja ni unyenyekevu. Akili nyingi hawakuipungukiwa.

Haya, mkiona Weinberg na Dijkstra wako mbali, tutembee mpaka SUA. Pale wapo panyabuku wa APOPO, wanaofundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Yule Magawa, aliyezaliwa hapa nchini mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia, alipata medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, na mpaka anastaafu alikuwa amegundua mabomu 71 na vilipuzi vingine 38. Sasa angalieni anavyofundishwa. Akigundua harufu sahihi anasikia mlio mdogo, halafu anapewa kipande cha ndizi au karanga. ANALIPWA KWA KUONA TATIZO. Nani angemchapa panya kwa kuonyesha bomu? Siku ya pili angepita juu ya bomu kimya kimya kama haoni kitu!

Na upande wa kifua kikuu kuna somo zuri zaidi. Makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki yanaletwa panya wayanuse tena. Wakitilia shaka sampuli ambayo kliniki ilisema haina kitu, inapimwa upya maabara kuthibitisha. Wagonjwa wengi wamepatikana hivyo, watu ambao wangerudi nyumbani wakakohoa pamoja na watoto wao. Mtaalamu wa darubini hatukanwi hapo. Inakubaliwa tu kwamba jicho la binadamu linachoka, kwa hiyo linaongezewa pua. Hiyo ndiyo maana ya kumpa mwenzako msimbo wako ausome kabla haujaenda kwa wananchi. Tuna mfano hapa hapa Morogoro, wageni wanatoka Ulaya kuja kuutazama, na sisi tunapita pembeni na daladala.

Najua mtakachosema. "Kwa hiyo wazembe waachwe? Uwajibikaji uko wapi?" Hoja nzuri, nisikilizeni. Kukosea na kuficha ni vitu viwili tofauti. Kwenye urubani Wamarekani tangu 1976 wana utaratibu unaosimamiwa na NASA: rubani anaripoti kosa lake kwa siri, jina lake linafichwa, somo linatangazwa kwa wote. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Ndege iliyoanguka haisikilizi visingizio. Adhabu waiwekee anayeficha, anayepuuza onyo, anayekula hela ya matengenezo. Anayeinua mkono na kusema "hapa pana kosa" apewe ndizi yake.

Sasa turudi kwetu, wana Ualimu. Nani alimfundisha yule kijana wa TEHAMA kunyamaza? Sisi! Mtoto wa darasa la tatu anajibu vibaya, darasa linacheka, mwalimu anasema "kaa chini, nani amsaidie?" Kidato cha pili kosa ni alama nyekundu na fimbo. Chuoni tunadesa, tunasoma zimamoto, tunaogopa sapu, na daftari la mwenzako unaliomba ili unakili, siyo ili ulikosoe. Miaka kumi na sita ya shule inamwambia mtu kwamba kosa ni aibu, lifunike. Halafu tunampa mfumo wa taifa ausimamie na tunashangaa kwamba anafunika!

Kwa hiyo wanaokwenda TP muhula ujao, nawaomba mambo matatu, hayahitaji hata umeme. Kwanza, ondoeni neno "kaa chini" kwa aliyekosea. Muulizeni amefikaje kwenye lile jibu, na darasa litafute kwa pamoja njia ilipopinda. Pili, toeni alama kwa anayegundua kosa, hata likiwa la mwalimu ubaoni, hasa likiwa la mwalimu ubaoni. Siku mwanafunzi atakapokuambia "mwalimu, hapo umekosea" ukamjibu "ahsante", umefundisha zaidi ya mada tano za silabasi. Tatu, wanaofundisha kompyuta, kila zoezi liwe na sehemu mbili: andika programu yako, kisha badilishaneni, kila mmoja ajaribu kuivunja ya mwenzake. Aweke jina lenye Ng', aweke umri wa miaka 300, aache sehemu tupu, aandike saa kwa Kiswahili. Atakayeivunja apigiwe makofi, na mwenye programu aseme ahsante kwa sauti.

Mtaniambia darasa lina watoto themanini na vipindi ni dakika arobaini. Najua. Lakini "ahsante" inachukua sekunde moja, na kumdhalilisha mtoto kunachukua muda mrefu zaidi ya hapo.

Vipanga tunao, jamani, wamejaa humu vyumbani mpaka wengine wanalala wawili kitanda kimoja. Tunachokosa ni mahali ambapo kipanga anaweza kusema "nimekosea" saa nne asubuhi na saa nane mchana bado akawa kazini. Mahali hapo hapaagizwi China kwa kontena. Panajengwa na mwalimu, chaki mkononi, kuanzia mtoto wa kwanza anayejibu vibaya.

Naomba kuwasilisha.